Kupepeta mchanga wa mwezini bila upepo: anza na mchanga mweusi wa Pangani

Ukitoka Tanga mjini ukashika njia ya Pangani alafu ukashuka ufukweni maji yakishakupwa, hasa kama bahari ilichafuka siku mbili tatu nyuma, utaona mistari myeusi imelala juu ya mchanga mweupe kama mtu kamwaga unga wa mkaa. Watu wengi wanapita tu wanadhani ni uchafu wa meli. Sio uchafu. Ni madini mazito ambayo wimbi limeshindwa kuyarudisha majini, na mengi humo ni ilmenaiti, yaani chuma, titani (metali nyepesi na ngumu) na oksijeni vimeshikamana kwenye punje moja nyeusi inayong'aa kidogo ukiigeuza juani.

Ilmenaiti iko mwezini pia. Wanaanga wa Kimarekani wa Apollo 11 walipotua Julai 1969 kwenye uwanda unaoitwa Bahari ya Utulivu walirudi na kilo kama 21 na nusu za mawe na udongo, na mawe ya sehemu ile yana titani nyingi sana, na sehemu kubwa ya hiyo titani imekaa ndani ya ilmenaiti. Ndo maana mtu yeyote anayefikiria kukaa mwezini muda mrefu lazima aje kwenye swali hili: ule mchanga tutauchambuaje tupate tunachotaka? Huu mwongozo ni wa kujaribu jambo hilo nyumbani, kwa vitu vya nyumbani, na kila hatua ntakueleza huku kwetu inafanyikaje na kule juu ingebadilika nini.

Bibi yangu alikuwa kabla hajaanza kupepeta mchele barazani anasimama kwanza anasikiliza upepo unatoka upande gani, akishaujua ndo anakaa anainua ungo, pumba zinaenda zake, chenga zinajitenga, vijiwe vinabaki nyuma. Wachenjuaji wa dhahabu nao wanazungusha karai lenye maji, jepesi linatoka na maji, zito linabaki chini. Upepo na maji, basi, ndo kazi yote ya kuchambua tuliyoizoea. Sasa mwezini upepo hakuna hata wa kutikisa unywele kwa sababu hewa yenyewe haipo, na maji ukiyamwaga pale nje yanachemka na kuganda kwa mkupuo mmoja, tena ni mali ya thamani mno huwezi kuoshea mchanga. Kwahiyo unabaki na vitu vitatu: chekecheke, sumaku, na umeme tuli, yaani ule unaotokea ukisugua kitu. Hivyo vitatu tu ndo tutakavyotumia hapa. Maji tutayagusa mara moja mwanzoni kwa ajili ya chumvi, basi.

Kwanini uhangaike kuchambua, si upashe moto mchanga wote? Hesabu yake iko hivi. Ukipitisha hidrojeni kwenye ilmenaiti iliyopashwa moto nyuzi 900 na kuendelea, hidrojeni inanyang'anya oksijeni moja kutoka kwenye kila kipande cha ilmenaiti, unapata mvuke wa maji, na nyuma kinabaki chuma na oksidi ya titani. Maji yale unayapasua kwa umeme, oksijeni unavuta pumzi, hidrojeni unairudisha kazini. Gramu 152 za ilmenaiti safi zinakupa gramu 16 za oksijeni, yaani kilo moja haiwezi kukupa zaidi ya gramu 105. Mtu mmoja anahitaji kama gramu 840 za oksijeni kwa siku. Gawanya, utaona ni kilo 8 za ilmenaiti safi kwa mtu kwa siku. Kama mchanga wako una ilmenaiti asilimia 10, usipochambua unapasha moto kilo 80 kila siku kwa kila mtu, na ukichambua vizuri unapasha 8. Kule nishati yote ni ya sola au ya kubebwa kutoka huku, usiku mmoja wa mwezini ni kama wiki mbili zetu, hiyo tofauti ya 80 na 8 ndo inaamua kama mtambo utasimama au hautasimama.

Haya, vifaa. Kopo moja la mchanga mweusi na kopo moja la mchanga mweupe wa kawaida. Chekecheke ya unga na chujio la chai lile la wavu mwembamba. Sufuria kuukuu na jiko la mkaa. Sinia la alumini. Kipande cha bomba la PVC la fundi bomba, urefu wa mkono, na kitambaa cha sufu. Vikombe viwili vya plastiki vyepesi. Karatasi nyeupe nyingi. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Alafu sumaku mbili: moja ya spika mbovu, nyingine kali inayotoka ndani ya hadi diski iliyokufa ya kompyuta. Mi zangu nilipata kwa fundi redio mmoja wa Ngamiani, hapo Tanga mjini, alikuwa na boksi zima la spika zilizopasuka. Ile ya hadi diski iheshimu, inabana kidole mpaka damu, usiiweke karibu na simu wala kadi ya benki, na watoto wadogo wasiishike kabisa kwa sababu wakimeza mbili zinavutana tumboni.

Kuhusu kuchukua mchanga wenyewe nisisitize kitu. Chukua kopo moja, kwangua juu juu kwenye ule mstari mweusi, usichimbe. Kuna fukwe za Pangani kasa wanapanda kutaga, ukiona alama za mayai au eneo limewekewa vijiti kaa mbali. Na usianze kubeba magunia wala kuuza, madini yana sheria yake na leseni zake. Tena mchanga wa aina hii unaweza kuwa na monazaiti kidogo ndani, ambayo ina thoriamu na inatoa mionzi midogo, kwahiyo kopo moja halina shida ila usilirundike chumbani unapolala, na wakati wa kuchekecha vaa barakoa na kaa nje, vumbi la mchanga sio la kuingiza kifuani.

Osha mchanga kwa maji ya bomba mara tatu nne mpaka ukilamba kidole hausikii chumvi. Hatua hii mara ya kwanza niliiruka, nikaona mchanga si umekauka juani vizuri tu, nikaendelea mpaka kwenye umeme tuli na hakuna punje hata moja iliyoruka, nikasugua bomba mpaka mkono ukauma. Shida ilikuwa chumvi. Chumvi inavuta unyevu hewani, punje inavaa ngozi nyembamba ya maji usiyoiona, na umeme wote unapita kwenye hiyo ngozi badala ya kukaa kwenye punje. Kwa hiyo osha, anika, alafu kaanga kwenye sufuria moto wa wastani huku unakoroga mpaka ukifunika na mfuniko wa kioo hauoni jasho. Acha upoe kidogo lakini fanya kazi ungali na uvuguvugu. Hata viwanda vya mchanga wa pwani vinapasha mchanga moto kabla ya kuupitisha kwenye mashine za umeme, sababu ni hii hii. Kwa Tanga chagua saa saba mpaka saa tisa mchana, na miezi ya kaskazi, Januari na Februari, inakubali kuliko masika ambapo hata chumvi ya mezani inaloa.

Hapo mwezini wametuzidi. Mchanga wao ni mkavu kuliko kitu chochote utakachokausha duniani, kwahiyo umeme tuli kule unafanya kazi bila kubembelezwa.

Sasa chekecha. Chekecheke ya unga inatoa kokoto na vipande vya kombe, chujio la chai linagawa kilichobaki makundi mawili, laini na laini zaidi. Usiwe na haraka na hatua hii, kwa sababu punje kubwa na ndogo hazitii umeme kwa namna moja. Kubwa ni nzito, umeme unashindwa kuisogeza, ndogo sana inang'ang'ania kila kitu, inakaa kwenye mgongo wa mwenzake haitoki. Punje za ufukweni kwetu ni kubwa na maji yamezisugua zikawa za mviringo. Za mwezini kwa wastani ni maikroni 70 hivi, zinakaribia unene wa unywele, na ndani yake kuna unga mwembamba zaidi ya hapo mara nyingi, alafu hazijawahi kusuguliwa na maji wala upepo kwahiyo kingo zake ni kali kama kioo kilichovunjika. Harrison Schmitt, mwanajiolojia aliyekwenda na Apollo 17 Desemba 1972, alirudi ndani ya chombo vumbi likamletea mafua kama ya mzio. Kwa hiyo kule mtambo wa kuchekecha lazima ufungwe vizuri usivuje, na ule unga mwembamba kabisa wengi wanaona heri uwekwe pembeni kuliko kupigana nao.

Ukishachekecha njoo kwenye sumaku, na hapa ndo penye utamu. Kosa la watu wote ni kuchovya sumaku tupu mchangani, ukifanya hivyo utakaa lisaa unachomoa punje moja moja na kucha. Weka sumaku ndani ya kikombe cha plastiki, shusha kitako cha kikombe karibu na mchanga uliotandaza kwenye karatasi, punje zitapanda kushika kitako kwa nje, peleka kikombe juu ya karatasi nyingine, kisha toa sumaku kwa ndani. Zinadondoka zenyewe zote pamoja.

Pitisho la kwanza tumia sumaku ya spika, na chini yake ndani ya kikombe weka vipande vya boksi vinne vitano ili nguvu ipungue. Kitakachopanda hapo ni magnetaiti, yaani chuma kilichoungana na oksijeni, ni nyeusi na inasimama kama manyoya ya paka aliyekasirika. Weka pembeni. Pitisho la pili toa maboksi, weka sumaku kali ya hadi diski moja kwa moja. Sasa ndo inapanda ilmenaiti. Haipandi kwa fujo kama magnetaiti, inapanda taratibu, inabidi kikombe kikaribie sana, karibu kugusa. Pamoja nayo zitakuja punje chache nyekundu nyekundu, hizo ni madini yanayoitwa ganeti, nazo zinasikia sumaku kidogo. Kinachobaki kwenye karatasi ni mchanga mweupe pamoja na madini mengine mazito, zikoni inayong'aa na rutaili. Yaani kwa sumaku mbili na vipande vya boksi umeshagawa mafungu matatu kwa kubadilisha nguvu ya sumaku tu.

Rudia pitisho la pili mara tatu, kila mara ukitingisha karatasi ili za chini zije juu.

Mi nilianza na gramu 500, pitisho la kwanza likatoa gramu 38, la pili 291, mabaki 163, na gramu 8 zilipotea kwenye vumbi na kwenye nyufa za meza. Andika namba zako kama hivyo, kila fungu. Namba mbili ndo za kuzingatia: fungu lako ni safi kiasi gani, na umepata sehemu gani ya kile kilichokuwemo mwanzo. Zinavutana kama kamba. Ukitaka usafi sana utaacha ilmenaiti nyingi nyuma, ukitaka yote utazoa na takataka. Kwa mtambo wa oksijeni mi ningekubali uchafu kidogo nisipoteze madini, maana takataka inakula tu moto, ila anayetaka titani yenyewe hesabu yake ni nyingine.

Mwezini kwenye sumaku mambo yanageuka na watu wengi hawalijui hili. Magnetaiti kule ni kama haipo, kwa sababu hakukuwa na oksijeni ya kutosha ya kukitia chuma kutu. Badala yake kuna chuma tupu, vipunje vidogo mno vilivyonasa ndani ya kioo. Vimondo vidogo vinapiga udongo ule kila siku kwa mabilioni ya miaka, vinauyeyusha kidogo kidogo, na punje zinagandana na kuwa madonge ya kioo yenye chuma ndani. Wataalamu wanayaita aglutineti. Mchanga uliokaa wazi muda mrefu unaweza kuwa nusu yake ni madonge hayo. Larry Taylor wa Chuo Kikuu cha Tennessee alilifanyia kazi sana jambo hili, akaonyesha kwamba unga mwembamba wa mwezini unarukia sumaku kwa sababu ya chuma hicho. Kwahiyo kule pitisho la sumaku dhaifu linatoa madonge, la sumaku ya kati linapata ilmenaiti na baadhi ya piroksini, madini mengine yenye chuma, na kinachokataa kabisa ni plajioklezi, lile jiwe jeupe linaloufanya mwezi ung'ae, ambalo ndani yake kuna alumini na kalsiamu.

Shida inayobaki ni kwamba ilmenaiti nyingine imefungiwa humo humo ndani ya donge, na sumaku haiwezi kuichomoa. Njia ni kuchagua mchanga mpya, yaani ule ambao haujakaa wazi sana, kwa mfano uliorushwa na kreta changa (shimo lililochimbwa na kimondo karibuni), au kusaga mwamba wenyewe. Ningekuwa mimi napanga eneo la kuchimba ningetazama umri wa udongo kabla ya kutazama asilimia ya titani.

Umeme tuli sasa. Changanya kijiko cha mchanga mweusi na kijiko cha mweupe, vyote vya moto kutoka sufuriani, tandaza kwenye sinia la alumini wepesi kabisa, punje isikae juu ya punje. Sugua bomba la PVC kwa sufu kwa nguvu mara ishirini hivi, alafu lilete juu ya sinia kama vidole vinne. Mara ya kwanza ilipokubali nilikuwa na mpwa wangu, ameinama pua inagusa sinia, akapiga kelele "Mjomba, mweusi unaruka! Mweupe umelala!" Na kweli, punje nyeusi zilikuwa zinasimama, zinaruka, zinagonga bomba na kurudi, na nyeupe nyingi zimetulia. Ilmenaiti inapitisha umeme kiasi, kwahiyo inapokea chaji kutoka kwenye sinia mara moja na bomba linaivuta. Mchanga mweupe haupitishi, chaji haiingii kwa haraka. Ukilisogeza bomba karibu mno na nyeupe zitaruka, kwahiyo cheza na umbali mpaka uone tofauti.

Njia ya pili inakaribia zaidi mitambo wanayoifikiria kwa mwezini. Punje zinateleza kwenye mlizamu, zinasuguana nao, kila aina inatoka na chaji yake, alafu zinaanguka katikati ya bamba mbili, moja chanya moja hasi, zinapinda huku na huku na kuingia kwenye vyombo tofauti. Bamba hizo zinataka volti maelfu, usijaribu nyumbani, na sitaki kabisa usikie mtu kafungua tivi ya zamani kutafuta umeme huo, inaua. Ila hesabu yake ni tamu. Huku kwetu punje ikianguka mita moja inachukua sekunde 0.45. Mwezini mvuto ni moja ya sita, inachukua sekunde 1.1. Muda ule wote umeme unaendelea kuisukuma pembeni, na kwa kuwa mchepuko unakua kwa muda mara muda, punje ile ile kwa volti zile zile inachepuka mara sita ya huku. Tena hewa yetu ikizidi volti kama 3,000 kwa milimita inapiga cheche, kule hewa hakuna, unaweza kupandisha zaidi. Ule mwezi uliotunyima upepo na maji, kwenye umeme tuli umetupa mkono wa kheri.

Kupima kama ulichopata ni ilmenaiti kweli, chukua kizibo cha chupa ya maji, jaza mchanga mweupe, gonga mara kumi ushikamane, sawazisha, pima. Fanya hivyo hivyo na fungu lako jeusi. Ilmenaiti uzito wake ni kama mara 4.7 ya maji, mchanga mweupe 2.65, kwahiyo kizibo cheusi kikiwa safi kinatakiwa kiwe karibu mara 1.8 ya cheupe. Mimi nilipata gramu 11 kwa cheupe na 18 kwa cheusi. Inakaribia, na kile kilichopungua najua ni ganeti na punje nyeupe zilizobebwa mgongoni.

Kuna watu watakuuliza mbona kuna njia ya kuyeyusha mchanga wote kwa nyuzi 1,600 na kuupitishia umeme bila kuchambua chochote. Ipo, na inakubali mchanga wa aina yoyote, hata ule wa nyanda za juu na wa kusini mwa mwezi ambako ilmenaiti ni chache na plajioklezi ndo nyingi. Kule kusini kuna na barafu ndani ya kreta zisizoona jua. Lakini hata huyo anayeyeyusha anafaidika na mchanga uliochekechwa, na anayetaka alumini anafaidika zaidi akianza na plajioklezi iliyotengwa na chuma. Hata mabaki yana kazi, ukiyachoma yakashikana yanakuwa matofali ya kutengenezea uwanja wa kutua ili vyombo visirushe vumbi.

Ukimaliza, funga ilmenaiti kwenye chupa ndogo ya kioo, bandika karatasi uandike jina la ufukwe, tarehe, na gramu za kila fungu. Mchanga mweupe uliobaki urudishe pale pale ulipouchukua, maji yakiwa yamekupwa.